Mtoto wa miaka 8 kakutwa na presha 128/82. Nyie wenzangu mmewahi kuwapima wa kwenu?

Baba_Kiranja

Habari zenu wakuu. Wiki ya tatu hii najiuliza niandike au ninyamaze, leo nimeamua kuandika maana ningekutana na uzi kama huu mwaka jana ningeepuka mengi.

Kijana wangu ana miaka 8. Mwembamba, mpira kutwa, siyo mtoto ambaye ungemwangalia ukasema huyu ana presha. Kama miezi sita nyuma akaanza kulalamika kichwa, hasa asubuhi, sisi tukasema macho hayo, tukampeleka macho, akapewa miwani ambayo hata kuivaa havai, kichwa kikaendelea vilevile. Tukaenda sehemu nyingine wakampima presha kwa mkanda wa watu wazima, yaani ulimzunguka mkono karibu mara mbili, mashine ikasoma 104/62, tukaambiwa "mzima huyu, mpunguzieni simu". Tukarudi nyumbani, tukampunguzia simu.

Mwezi mmoja baadaye kaamka na kichwa tena, na damu za pua. Safari hii tukaangukia kwa nesi mmoja mtu mzima, mama wa makamo, hakuuliza mengi, akachukua utepe akapima unene wa mkono wa mtoto, akafungua droo akatoa mkanda mdogo. Akamkalisha mtoto dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu imegusa chini, mkono wa kulia umelazwa juu ya meza. 128/82. Akarudia, 130/82. Akaiweka pembeni mashine ya umeme, akapima kwa kusikiliza na masikio, 126/80.

Mi nikacheka wakuu, siwafichi. Nikamwambia mama, mimi mwenyewe nikipata 128 narudi nyumbani naimba. Hakucheka. Akatoa jedwali, akaweka kidole kwenye miaka 8, nikaona 107/69. Akasema hapo ndo kengele inapolia kwa mtoto wa umri wake, hata hujafika kwenye ugonjwa, ni kengele tu ya kukwambia angalia vizuri.

Kwa kifupi tukarudi siku nyingine mbili, ikawa ileile. Mkojo ukapimwa, una protini. Ultrasaundi ikaonyesha figo ya kushoto ndogo kuliko ya kulia, halafu kuna picha nyingine ile wanayodunga dawa yenye mionzi kidogo, ikaonyesha makovu. Daktari akatuuliza swali moja ambalo hadi leo linaniamsha usiku: "Huyu alipokuwa mchanga alikuwa anapata homa za mara kwa mara zisizoeleweka?" Mama yake akanitazama. Alizipata, mara tatu kabla hajafika miaka miwili. Kila mara homa ilitibiwa na ikashuka, na hakuna hata siku moja mkojo wake ulipimwa kuona kama ni maambukizi ya mkojo, yale yanayoweza kuacha makovu kwenye figo.

Yupo kwenye enalapril sasa, dawa ya kushusha presha, dozi ndogo. Juzi alisoma 108/66. Nauliza kwa nia njema kabisa: nyie watoto wenu wamewahi kupimwa presha, na mkanda ulikuwa saizi gani?

Mzee_wa_Hoja

Pole mkuu lakini hapa naona tunatishana. Presha ni ugonjwa wa watu wazima na mawazo, mtoto wa miaka 8 ana mawazo gani? Madeni? Ndoa? Siku hizi kila kitu kinageuzwa ugonjwa ili watu wauze dawa.

Baba_Kiranja

Mzee wangu nilikuwa na mawazo kama yako hadi nilipoonyeshwa picha ya figo ya mwanangu. Figo yenye kovu haisubiri madeni.

Nesi_wa_Zamu

Natoka zamu nimechoka ila uzi huu siwezi kuupita. Mleta mada umeandika kitu ambacho nimekipigania kazini miaka, habari ya mkanda. Naomba watu waelewe. Mkanda MKUBWA kuliko mkono unadanganya kwa kushusha, mkanda MDOGO unadanganya kwa kupandisha. Ule mfuko wa ndani unaojaa hewa unatakiwa uzunguke asilimia 80 mpaka 100 ya mkono wa juu, na upana wake uwe angalau asilimia 40 ya mzunguko wa mkono. Kwa hiyo mtoto mwembamba akifungwa mkanda wa baba yake anaonekana mzima, mtoto mnene akifungwa mkanda wa watoto kwa sababu tu ni mtoto anaonekana mgonjwa. Wote wawili wameonewa. Usiangalie maandishi ya "mtoto" au "mtu mzima" kwenye mkanda, angalia mkono.

Na kwanini mkono wa kulia? Kuna watoto wanazaliwa mshipa mkuu unaotoka moyoni umebanwa sehemu moja, na mara nyingi sehemu hiyo iko karibu na tawi linalokwenda mkono wa kushoto, hivyo kushoto kunaweza kusoma chini wakati kulia ni juu. Ndo maana mtoto mwenye presha lazima apimwe na mguu, mara moja tu inatosha. Kawaida mguu unasoma juu zaidi ya mkono, ukikuta mguu uko chini na mapigo ya kwenye kinena ni hafifu, hapo unamtafuta daktari wa moyo siku hiyohiyo.

Mzee wa Hoja nakuheshimu ila hapana. Kwa mtoto mdogo, chini ya miaka sita hasa, presha ikiwa juu kweli unatafuta chanzo, na mara nyingi chanzo ni figo, au mshipa wa figo, au huo mshipa mkuu wa moyo, mara chache tezi. Ile presha ya ukubwani isiyo na chanzo kimoja ipo pia kwa watoto, inakuja zaidi kwa wakubwa kidogo, wenye uzito mkubwa au wazazi wenye presha.

Dada_Mpole

Nesi naomba unisaidie, mi hizi namba zinanichanganya, mtu mzima 140, mwingine anasema 130, mtoto 107, sasa mzazi ashike ipi

Nesi_wa_Zamu

Dada yangu mtoto hana namba moja, ana mstari wa wenzake. Chukua watoto 100 wa jinsia moja, umri mmoja na urefu unaolingana, wapange kuanzia mwenye presha ndogo mpaka kubwa. Aliye chini ya nafasi ya 90 yuko sawa. Kati ya 90 na 95 anafuatiliwa. Anayefika 95 au kuivuka, siku tatu tofauti, ndo tunasema ana presha. Urefu unaingia kwa sababu mtoto mrefu kwa kawaida ana presha kubwa kidogo kuliko mfupi wa umri uleule na hakuna ubaya wowote hapo.

Huyo 107/69 wa miaka 8 ametoka kwenye jedwali fupi la mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2017. Limetengenezwa kwa kipimo cha watoto wafupi ili lisimpite mtu, kwa hiyo ukivuka haina maana ni mgonjwa, ina maana afunguliwe jedwali kubwa. Mvulana wa miaka 3 ni 101/58, wa 6 ni 105/66, wa 10 ni 108/72. Wasichana wanakaribiana sana na hapo. Akifika 13 mambo yanakuwa mepesi, mwongozo huo unatumia namba za watu wazima: chini ya 120/80 sawa, 130/80 kwenda juu ni presha, 140/90 kwenda juu ni hatua ya pili. Wazungu wa Ulaya mwongozo wao wa 2016 walianza na namba za watu wazima kwenye miaka 16, kwa hiyo ukikuta madaktari wawili wanatofautiana kidogo kwa kijana wa miaka 14 usidhani mmoja ni kihiyo.

Mwongozo huo wa 2017 unataka mtoto apimwe mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 3. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari, uzito uliopitiliza, au anayetumia dawa zinazoweza kupandisha presha, kila akija kliniki. Chini ya miaka 3 wanapimwa waliozaliwa kabla ya wakati, wenye tatizo la moyo la kuzaliwa, wenye UTI (maambukizi ya mkojo) za kujirudia.

Mama_Tegemeo

Sasa mmenigusa. Wangu ana miaka 13, ni bonge, nasema ukweli, halafu anakoroma usiku mpaka chumba cha pili tunasikia. Shule walipima watoto wote akapata 134/78. Baba yake ana presha tangu ana miaka 30. Nikamwambia mume wangu si tumgawie tu nusu kidonge chako tuone ikishuka, dawa si ileile? Bado hatujampa, nimesoma huu uzi nikasita.

Nesi_wa_Zamu

MSIMPE. Mama nakuomba kwa herufi kubwa. Dozi ya mtoto inapigwa kwa kilo zake, na kuna dawa za presha ambazo kabla ya kuanza lazima upime figo na potasiamu. Nusu ya dawa ya baba siyo dozi ya mtoto, ni bahati nasibu.

Halafu kwa hiyo namba ya kijana wako hata dawa haijafikiwa. Hana dalili, ni hatua ya kwanza, anarudiwa kupimwa wiki moja mpaka mbili, ikibaki juu anapimwa tena baada ya miezi mitatu huku mnabadilisha maisha. Anapimwa mkojo, figo, mafuta ya damu, sukari na ini kwa sababu ya uzito. Ila hilo la kukoroma msilipuuze. Mtoto anayekoroma hivyo, pumzi inakatika katika usingizi, presha inaweza kupanda kwa sababu hiyo tu. Anaweza kuwa na tezi za koo zilizokua zinaziba njia. Mwambie daktari, usisubiri akuulize.

Mama_Tegemeo

Asante mpenzi. Sasa kumpunguza uzito naanzaje, mtoto nikimwambia asile ananuna siku tatu

Fundi_Saa

Niingilie hapo mama Tegemeo, wangu alipita huko akiwa na miaka 11. Usimwambie asile. Sisi tulibadilisha nyumba nzima kimyakimya, hata mimi na kitambi changu nikaingizwa. Soda ikaacha kununuliwa, kwisha, haimo ndani, mtoto hawezi kunywa kisichokuwepo. Chupa ya chumvi ikaondoka mezani. Ila kumbe chumvi kubwa haikuwa kwenye ile chupa, ilikuwa kwenye soseji, supu za pakiti, vitafunwa vya kukaukakauka, vile viungo vya mchemraba mke wangu alikuwa anatupia kila sufuria mbilimbili. WHO wanasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai hivi, mtoto chini ya hapo. Sasa hebu soma nyuma ya pakiti moja uone. Wiki mbili za kwanza chakula kilikuwa kama karatasi, nitakuwa muongo nikisema vingine, halafu ulimi ukazoea, sasa hivi tukila nje kila kitu tunaona ni bahari.

Matunda na mboga zikaongezeka, na jioni tunatoka kutembea kwa kasi nusu saa mpaka saa nzima, siku nne tano kwa wiki. Daktari alituambia mtoto anayekua si lazima kilo zishuke, wakati mwingine zikisimama tu huku yeye anarefuka inatosha. Miezi minane ikatoka 126 ikawa 112. Hakumeza kidonge hata kimoja. Najua si kila mtoto inakuwa hivyo.

Mtoro_wa_Somo

kuna kitu mnakisahau vile vinywaji vya kuongeza nguvu, madogo wa sekondari wanavishusha kama maji, mdogo wangu alikuwa anakunywa viwili kila siku ya mtihani moyo unamdunda anasema ni uwoga wa mtihani, tumekuja kupima juu, ameacha wiki mbili imeshuka yenyewe

Nesi_wa_Zamu

Kweli kabisa, na ongeza hapo dawa: za kuzibua pua, za maumivu aina ya ibuprofen zikitumika sana, steroidi, dawa za watoto wasiotulia darasani, na kwa wasichana wakubwa vidonge vya uzazi wa mpango. Daktari akiuliza "anatumia dawa gani nyingine" taja hata ile unayoona haina maana.

Kipepeo22

samahani natoka kidogo nje ya mada, wangu ana miaka 6 leo kaamka uso umevimba hasa macho kama kaumwa na nyuki, nikadhani mzio, ila mkojo wake tangu jana ni wa kahawia mweusi kama soda nyeusi, na anasema kichwa. wiki mbili nyuma alikuwa na koo likapona. hii nayo ni presha au nimpe dawa ya mzio kwanza?

Nesi_wa_Zamu

Kipepeo funga simu uende hospitali sasa hivi. Siyo kesho. Koo, halafu baada ya wiki moja mpaka tatu uso kuvimba na mkojo mweusi, hiyo ni figo imewaka kwa sababu ya wale bakteria wa koo. Vidonda vya ngozi navyo huleta hivyo. Presha inaweza kupanda ghafla mpaka mtoto akapata degedege. Ukifika sema maneno matatu mlangoni: uso, mkojo, kichwa. Waombe wampime presha.

Baba_Kiranja

Nenda dada, uzi utausoma ukirudi.

Mzee_wa_Hoja

Kipepeo umefika?

Mzee_wa_Hoja

Kipepeo?

Kipepeo22

nimerudi wapendwa, siku ya tano leo. alikutwa 142/96. walimlaza hapohapo, chumvi hamna, maji kwa kipimo, akapewa dawa ya kukojoa, wakawa wanampima kila baada ya saa chache. uso umeshuka, presha juzi 110 na kitu. wameniambia presha itarudi sawa ila mkojo unaweza kuonyesha damu kwenye darubini kwa miezi, niwe namrudisha kliniki. ile dawa ya mzio nilikuwa nimeshaishika mkononi. Nesi sijui nikwambie nini

Mzee_wa_Hoja

Alhamdulillah. Nimemtafutia mjukuu wangu miadi Jumatatu. Nitauliza saizi ya mkanda.

Dada_Mpole

Tuandikieni basi dalili za kukimbia hospitali, maana wengi tunasoma kimya

Nesi_wa_Zamu

Nikianza na ukweli mchungu, presha ya mtoto mara nyingi haina dalili yoyote, mleta mada alibahatika kile kichwa kuuma. Lakini kichwa kikali na kutapika, macho kuona ukungu, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, degedege, kukosa pumzi, hapo ni kukimbia. Na kijana wa sekondari akisoma juu ya 180/120, kimbia hata kama anacheka.

Mama_Tegemeo

Na wakianza dawa ndo hawaachi tena maisha yote? Hilo ndo linanitisha

Baba_Kiranja

Mama Tegemeo hilo nililiuliza mimi siku ya kwanza. Daktari akasema inategemea chanzo. Mwenye mshipa uliobanwa anaweza kufanyiwa upasuaji, ingawa anaendelea kuchunguzwa. Mwenye uzito, ukishuka presha nayo inaweza kushuka akaachishwa. Wangu mimi mwenye kovu la figo atakaa nayo, na nimekubali.

Ila kuna mambo ya hii dawa ambayo hamna aliyeniambia mpaka nilipouliza. Wiki ya pili walimtoa damu kuangalia kama potasiamu haijapanda na figo haijashtuka. Akiharisha au kutapika sana napiga simu kabla ya kumpa, maana mwili ukikauka dawa hii inaweza kuibana figo. Zile chumvi mbadala za dukani zinazojisifia hazina sodiamu, marufuku kwetu, nyingi zimejazwa potasiamu. Na dada yake ana miaka 15, hana presha, lakini daktari alivyomwona akasema angekuwa yeye ndo mgonjwa tungezungumza kwanza habari ya ujauzito, maana dawa za familia hii zinadhuru mtoto tumboni. Binti akakimbia nje kwa aibu, mama yake akabaki anaandika.

Fundi_Saa

Mkuu mpira anaendelea kucheza?

Baba_Kiranja

Anacheza. Walimsimamisha kwa muda hadi presha iliposhuka na eko ya moyo, yaani ultrasaundi ya moyo, ikaonyesha ukuta wa moyo haujanenepa. Wakasema ambayo wanaogopa zaidi presha ikiwa juu ni ile ya kujikaza, kunyanyua vyuma, mieleka, ngumi.

Kesho tuna jambo jipya, anafungwa mashine ya saa 24, inampima yenyewe mchana na usiku. Nesi nilitaka kukuuliza, kliniki anasoma vizuri 108, kwanini bado wanataka kumfunga hiyo?

Nesi_wa_Zamu

Kwa sababu ya figo. Kuna wanaopanda wakiona koti jeupe la daktari na nyumbani wako sawa, hao tunawaepusha na dawa wasizohitaji. Lakini wapo wa kinyume, kliniki safi, usiku akilala haishuki kama inavyotakiwa, na wenye figo mbovu ndo wengi kwenye kundi hilo. Kuna utafiti wa Ulaya ulitoka 2009, unaitwa ESCAPE, watoto 385 wenye figo dhaifu, wote kwenye ramipril, dawa ya familia moja na enalapril, nusu yao wakashushwa presha zaidi ya kawaida, wanaipima kwa mashine hiyohiyo ya saa 24. Ndani ya miaka mitano, kwa hao walioshushwa zaidi walioharibikiwa figo walikuwa karibu 30 kwa kila 100, upande mwingine karibu 42. Kwa hiyo daktari wako hataki "sawa", anataka chini zaidi ya sawa.

Baba_Kiranja

Nimekuelewa. Na mtoto anauliza maswali yake, nimeahidi kuyaleta hapa: anaweza kwenda shule nayo, anaweza kucheza, na itamuumiza akilala?

Nesi_wa_Zamu

Shule aende. Mpira wa kugongana hapana kwa siku hiyo. Kila ikianza kujaa hewa aunyooshe mkono atulie kama sanamu, akiutikisa inarudia na inabana tena. Usiku itamwamsha mara mbili tatu, atazoea. Mwandikie saa aliyolala na saa aliyoamka. Na asioge mpaka ivuliwe.

Baba_Kiranja

Nimemsomea yote. Hiyo ya mwisho kaniomba nimrudie mara mbili, halafu kauliza kama inaweza kufungwa wiki nzima.